Kumfuata Bach kwa Sikio: Mwongozo wa Siku Sita, Leipzig Hadi Naumburg

Anayekwenda Ujerumani kutafuta nyumba alizoishi mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach atachoka mapema. Makumbusho ya Eisenach yalifunguliwa mwaka 1907 watu wakiamini kwamba ndani ya kuta zile ndimo alimozaliwa. Baadaye watafiti wakagundua kuwa wazazi wake walikuwa na nyumba mtaa mwingine. Jengo la shule la Leipzig, alimoishi na familia yake miaka 27 na kutungia kazi zake kubwa, lilibomolewa mwaka 1902. Nyumba zimekwenda, lakini vinanda vya mabomba vya makanisani vipo. Vipo alivyovikagua yeye mwenyewe, vipo vya zama zake, na vinalia hadi leo. Kwa hiyo panga safari yako kwa kufuata saa ambazo ala zinapigwa. Majengo utayaona njiani.

Naandika haya kama mpiga kinanda wa kwaya katika usharika wa Kilutheri kule Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walifika kwetu mwaka 1893, na tenzi zao wakaja nazo. Kila tunapofungua Mwimbieni Bwana, kitabu chetu cha tenzi, baadhi ya tuni tunazoimba ni zilezile ambazo Bach alizipangia sauti nne kwa ajili ya waumini wake. Ndiyo maana nimechagua njia hii na siyo Vienna au Salzburg, ingawa huko nako kuna mengi.

Hatua ya 1: Anza na ratiba ya milio, kisha nunua tiketi ya ndege

Watu wengi hununua tiketi kwanza, halafu wanaanza kuulizia kuna nini. Geuza. Chukua karatasi, andika siku na saa ambazo muziki hupigwa, ndipo utafute ndege inayokufikisha kwa wakati.

Nguzo ya safari ni Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, ambako Bach alikuwa mwalimu wa kwaya kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Kila Ijumaa saa 12 jioni na kila Jumamosi saa 9 alasiri kuna ibada ya nyimbo inayoitwa Motette. Kwenye matangazo utasoma 18:00 na 15:00, na hakuna atakayekutafsiria saa za Kiswahili, kwa hiyo ziandike namna zote mbili. Kwa kawaida huimba kwaya ya wavulana ya kanisa hilo, Thomanerchor, ambayo imekuwepo tangu 1212. Wavulana hao ni wanafunzi. Shule za jimbo la Saxony zikifunga, nao hupumzika au husafiri, na wageni huimba badala yao. Angalia kalenda ya likizo za Saxony kabla ya jambo jingine lolote. Ukikosea hapo, utakuwa umevuka bahari na jangwa ukaikosa kwaya yenyewe.

Jambo la pili la kuandika kwa wino mwekundu ni Jumatatu. Makumbusho mengi ya Ujerumani hufungwa siku hiyo. Safari yangu ya kwanza nilitenga Jumatatu kwa ajili ya ala za zamani, nikasimama mbele ya mlango uliofungwa huku mvua ikininyeshea, na kesho yake alfajiri nilikuwa na ndege. Tangu hapo Jumatatu naiweka Eisenach, kwa sababu Bachhaus, yale makumbusho ya Bach ya huko, hufunguliwa siku zote za juma.

Kuhusu miezi: Juni kuna tamasha la Bach mjini Leipzig na la mtunzi Händel mjini Halle. Muziki ni mwingi mno, ila vyumba hupanda bei na tiketi huisha mapema. Kwa safari ya kwanza napendekeza Mei au Septemba.

Hatua ya 2: Viza

Mtanzania, Mkenya au Mganda anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe chini ya siku 15. Mimi nakushauri miezi mitatu. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na lazima uwe na bima ya safari inayofikia walau euro 30,000. Ile ratiba uliyoandika katika hatua ya kwanza itakusaidia hapa: ichape vizuri, siku kwa siku, mji kwa mji, pamoja na nafasi za kulala ulizoweka. Afisa anayesoma kwamba Jumatano saa 6 mchana utakuwa kanisani Naumburg ukisikiliza kinanda cha mwaka 1746 anaona mtu anayejua anakokwenda.

Hatua ya 3: Zoeza sikio nyumbani

Wiki nne zinatosha. Chagua kazi chache uzirudie, usikusanye nyingi ukazisahau. Mimi ningechagua Toccata na Fuga ya D minor, vipande vichache vya mwanzo vya kile kitabu chake cha mazoezi ya vibao katika funguo zote 24, na sehemu ya kwanza ya Mateso ya Bwana kwa Mathayo, ambayo ilipigwa katika kanisa lilelile la Leipzig siku ya Ijumaa Kuu. Kama unaimba kwaya, tafuta utenzi mmoja aliopanga Bach, ujifunze sauti yako mpaka uweze kuiimba bila karatasi. Ukisikia sauti ya nne ikishuka pale ulipozoea kushuka wewe, safari nzima inabadilika.

Hatua ya 4: Weka kambi Leipzig na nunua tiketi sahihi ya treni

Usihamehame hoteli. Leipzig iko katikati: Halle ni kama nusu saa kwa treni, Naumburg ni chini ya saa moja, Eisenach ni saa moja na kidogo kwa treni ya kasi.

Ipo tiketi ya siku moja ya treni za mikoani inayotumika katika majimbo matatu kwa pamoja, Saxony, Saxony-Anhalt na Thüringen. Hata hadi watu watano husafiri kwa tiketi moja, na kila anayeongezeka huongeza fedha kidogo tu. Siku za kazi huanza kufanya kazi saa 3 asubuhi na kuendelea hadi saa 9 usiku, na Jumamosi na Jumapili huanza usiku wa manane. Treni za kasi za ICE haziruhusiwi kwa tiketi hiyo. Kwa hiyo kwenda Eisenach utachelewa zaidi, lakini mkiwa wanakwaya wanne au watano nafuu yake ni kubwa. Andikeni majina yenu juu ya tiketi kabla ya kupanda, kwa maana mkaguzi huangalia.

Hatua ya 5: Ijumaa na Jumamosi, Leipzig

Asubuhi ya Ijumaa nenda Makumbusho ya Bach, ng'ambo ya uwanja wa kanisa, katika nyumba ya familia ya Bose. Hawa walikuwa wafanyabiashara, majirani na marafiki wa akina Bach, kwa hiyo hii ni nyumba ambayo aliingia kama mgeni. Kimbilia mambo mawili. Kuna sehemu ya kupigia ya kinanda cha Kanisa la Mtakatifu Yohana, ambacho Bach alikikagua mwaka 1743. Na kuna picha yake iliyochorwa na Haussmann mwaka 1748, ile ambayo sura yake tumeizoea sote, ameshika karatasi ya muziki mkononi. Picha hiyo ilirudi Leipzig mwaka 2015.

Mchana pumzika. Jioni fika kanisani walau dakika 45 kabla. Kuingia ni kwa kununua karatasi ya programu kwa euro chache. Sasa sikiliza vizuri: usigombanie viti vya mbele. Kwaya huimba kutoka roshani ya nyuma, upande wa magharibi, na sauti hukujia juu ya kichwa. Kaa katikati, karibu na roshani lakini siyo chini yake. Hii ni ibada, kuna neno na kuna sala, kwa hiyo hakuna kupiga makofi katikati wala kurekodi kwa simu. Vaa sweta hata kama nje kuna jua, mawe ya kanisa huhifadhi baridi. Ikiisha, watu wakianza kutoka, nenda mbele kwenye kaburi. Mabaki ya Bach yalihamishiwa hapo mwaka 1950, chini ya bamba lenye jina lake tu. Kila nilipofika nimekuta maua.

Jumamosi ni siku ya makumbusho ya ala ya Chuo Kikuu cha Leipzig, ndani ya jengo la Grassi. Hapa tenga saa tatu nzima. Utaona klavikodi ya mwaka 1543, ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani zenye tarehe. Utaona piano ya Bartolomeo Cristofori ya mwaka 1726. Cristofori ndiye aliyebuni piano, na zilizobaki kutoka mikononi mwake ni tatu tu: nyingine ziko New York na Roma.

Ili usipotee kati ya makabati yale, jifunze kwanza tofauti za matumbo yao. Katika hapsikodi, ukibonyeza kibao, kijiti chenye ncha ya unyoya hupanda na kuchuna uzi. Kama umewahi kumtazama mpiga kanuni wa taarabu Unguja, na vile vichunio alivyovifunga kwenye vidole vya shahada, basi hapsikodi unaijua tayari: ni kanuni iliyowekewa vibao. Bonyeza kwa nguvu, bonyeza polepole, sauti ni ileile. Klavikodi ina kipande cha shaba kinachogusa uzi na kubaki pale, kwa hiyo kidole chako kinaweza hata kuutikisa mlio, ila ni mnyonge kiasi kwamba mtu akikohoa chumbani huusikii tena. Piano ina nyundo inayopiga na kuachia, hivyo inanong'ona na inapaza. Ukiyaelewa haya matatu, utajua kwa nini Bach aliandika alivyoandika: hakuweza kutegemea nguvu ya kidole kwenye hapsikodi, ndipo akaweka uhai wote katika mwendo wa sauti zenyewe, moja ikiifukuza nyingine.

Ukitoka, tazama chini. Kuna vipande vya chuma kinachong'aa vilivyochomekwa barabarani, vinavyokuongoza kama kilomita 5 kutoka nyumba moja ya muziki hadi nyingine. Njia hiyo huitwa Notenspur. Ukiifuata utapita pia Inselstrasse 18, walikoishi wanamuziki Robert na Clara Schumann kuanzia 1840 hadi 1844.

Hatua ya 6: Jumapili, Mendelssohn asubuhi na Händel mchana

Hii ndiyo nyumba ya kweli ya safari hii. Mtunzi Felix Mendelssohn alihamia Goldschmidtstrasse 12 mwaka 1845, akafia humo tarehe 4 Novemba 1847 akiwa na umri wa miaka 38. Jumapili saa 5 asubuhi hufanyika onyesho dogo la muziki katika sebule yake. Weka nafasi mapema kwa sababu viti ni vichache. Baada ya hapo shuka kwenye chumba chenye spika zilizosimamishwa kama wanamuziki: unashika kijiti cha mwongoza kwaya, na sauti zinakwenda kwa mwendo unaouonyesha wewe. Kwa mwalimu wa kwaya hiyo ni raha isiyosemeka.

Namweka Mendelssohn ndani ya safari ya Bach kwa sababu ni deni. Bach alipofariki, kazi zake kubwa za kwaya zilikaa miaka mingi bila kuimbwa hadharani. Mwaka 1829 Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliyaongoza Mateso kwa Mathayo mjini Berlin, na watu wakaanza kumsikia Bach upya. Alichangisha pia fedha za sanamu ya Bach iliyozinduliwa Leipzig mwaka 1843. Sanamu ya Mendelssohn mwenyewe Wanazi waliivunja mwaka 1936, kwa kuwa alizaliwa Myahudi. Nakala yake ilisimamishwa mwaka 2008, hatua chache kutoka Kanisa la Mtakatifu Thomas. Simama pale kidogo.

Mchana panda treni ya Halle. Georg Friedrich Händel alizaliwa huko Februari 1685, mwezi mmoja kabla ya Bach, na nyumba yake ipo, na ndani yake kuna mkusanyiko wa ala zaidi ya 700. Kwaya gani ya mjini kwetu haijawahi kuijaribu Haleluya yake? Lakini usiishie hapo. Ingia kanisa la sokoni, utazame juu ya madhabahu: kile kinanda kidogo ni cha mwaka 1664, na Händel mtoto alifundishwa muziki katika kanisa hilo na Zachow. Mwaka 1719 Bach alisafiri kuja Halle ili wakutane, akakuta mwenzake ameshaondoka. Hawakuonana maishani.

Hatua ya 7: Jumatatu, Eisenach

Ukifika Bachhaus uliza kwanza onyesho lijalo la ala ni saa ngapi, kisha ndipo uzunguke vyumba. Kila saa mfanyakazi wa makumbusho hupapasa ala tano za zamani, moja baada ya nyingine, kwa kama dakika 20: vinanda viwili vya mabomba, klavikodi, spineti (hapsikodi ndogo) na hapsikodi. Kinanda kimoja hakina umeme. Anahitajika mtu wa kuvuta mivukuto, na mpigaji huomba mgeni ajitolee. Nyosha mkono. Usione haya.

Nilipovuta mimi ndipo nilipoelewa kinanda. Hewa inatoka kwenye mvukuto, inajaa kwenye sanduku chini ya mabomba, inasubiri. Kibao kikibonyezwa, kijilango hufunguka na bomba linapumua. Ukivuta kwa pupa sauti inayumba, ukizembea inazama. Kumbuka basi kwamba nyuma ya kila Jumapili ya Bach kulikuwa na mtu aliyetoka jasho gizani ili mlio usikatike, na jina lake hatulijui.

Jengo jipya la mwaka 2007 lina viti vya duara vinavyoning'inia, unajikunyata ndani na kusikiliza. Kaa humo utakavyo. Kisha tembea dakika chache hadi Kanisa la Mtakatifu George, lenye birika alimobatiziwa Bach tarehe 23 Machi 1685. Ukiwa na nguvu, juu ya kilima iko ngome ya Wartburg, ambako Martin Luther alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Kuhusu chakula, soseji maarufu ya Thüringen kwa kawaida ni ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize.

Hatua ya 8: Jumanne, Arnstadt, kwa mpiga kinanda tu

Asiyepiga kinanda anaweza kuiruka siku hii akaenda Weimar, iliko nyumba ya mpiga piano Franz Liszt na piano yake ya Bechstein, ila ahakikishe kwanza kama iko wazi Jumanne. Mpiga kinanda aende Arnstadt, kama dakika 20 kutoka Erfurt. Hapa Bach alipata kazi yake ya kwanza ya kanisani mwaka 1703, akiwa na miaka 18, baada ya kukikagua kinanda kipya cha fundi Wender. Kinanda kimetengenezwa upya, lakini vibao vya asili, vile vilivyoguswa na vidole vyake, vimehifadhiwa katika makumbusho ya mji, kwenye kasri. Mwaka 1705 aliomba ruhusa ya wiki nne akaenda Lübeck, zaidi ya kilomita 400, ili amsikie mpiga kinanda mashuhuri Buxtehude. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu. Akarudi baada ya takribani miezi minne. Wazee wa kanisa wakamhoji kuhusu kuchelewa, na wakamlaumu pia kwamba anachanganya noti za ajabu ndani ya tenzi mpaka waumini wanapotea. Wapiga kinanda wenzangu mtaelewa.

Hatua ya 9: Jumatano, Naumburg

Nimeiacha mwisho makusudi. Kuanzia Mei hadi Oktoba, Kanisa la Mtakatifu Wenceslaus huwa na muziki wa kinanda saa 6 kamili mchana, na Jumatano imekuwa mojawapo ya siku zake. Thibitisha kwenye tovuti ya kanisa kabla ya kuondoka Leipzig. Kutoka stesheni kuna tramu ndogo ya zamani inayokufikisha karibu na mji mkongwe.

Kinanda hiki kilijengwa na Zacharias Hildebrandt na kukamilika mwaka 1746. Tarehe 27 Septemba mwaka huohuo Bach alikuja kukikagua pamoja na fundi mkubwa Gottfried Silbermann. Wakafungua kila kitu, wakajaribu kila safu, na ripoti yao ipo. Kina safu tatu za vibao vya mikono, pedali za miguu, na aina 53 za sauti. Pedali zina sauti ya futi 32, yaani mlio ambao kwa bomba lililo wazi unahitaji urefu wa karibu mita 10. Ukarabati wake ulikamilika mwaka 2000, na karibu hakuna kinanda kingine kinachokupa kwa ukaribu namna hii kile ambacho Bach mzee alikiona kuwa kinafaa.

Kaa kwenye benchi la mbao, miguu yote sakafuni. Mpigaji akiingia na pedali za chini, mlio utakufikia kwanza kwenye nyayo, kisha kwenye mbavu, na sikio litakuwa la mwisho. Utenzi ule ulioujifunza nyumbani, ukibahatika kupigwa, fuata sauti yako kimyakimya mpaka mwisho. Ikimalizika, mara nyingi mpigaji hushuka kusalimia wasikilizaji. Mwambie umetoka wapi na kwamba nawe unapiga au unaimba. Ukimuuliza kwa adabu kuhusu mivukuto, anaweza kukueleza mengi, na hata kama hatakupandisha juu, swali la mtu wa kazi hujibiwa kwa moyo. Treni za kurudi Leipzig zipo mchana kutwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuikimbilia ya kwanza.